Kutoka botini Dar hadi Ubungo bila teksi

Inawezekana, shoga, panda mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake. Ukitoka geti la boti ya Unguja usiwasikilize wanaokung'ang'ania begi. Shika kulia na barabara ya pwani hadi kituo cha Posta ya Zamani, karibu na kanisa la Azania Front lenye vigae vyekundu. Si mbali, hata ukiwa na mtoto mkononi. Soma kibao cha mbele: panda la Kimara, maana la Morocco linakata Magomeni na Ubungo hulioni. Mimi ndiyo njia yangu kila nikivuka kutoka Unguja. Ila boti ya jioni ina tabu, magari yanajaa mno. Bora usogee hadi Kivukoni yanakoanzia, upate kiti. Simu itie ndani ya mkoba.