Kijana wako na upolisi wa shuleni Marekani

Dada, umeuliza kama kijana akimaliza sekondari huko Marekani anaweza kuomba moja kwa moja kazi ya polisi anayekaa shuleni. Kwa kawaida hapana, si kazi ya kuanzia. Kwanza aajiriwe na polisi wa mji au ofisi ya sherifu (polisi wa kaunti), apite chuo cha polisi, halafu afanye doria mtaani miaka kadhaa. Nafasi ya shuleni ikitokea anaiomba akiwa tayari kazini. Ila wilaya nyingine za shule, kama za Los Angeles na Houston, zina polisi wao wenyewe, huko anaomba kwao. Uraia auangalie mapema, maana majimbo mengi bado yanautaka.

Akishachaguliwa kuna kozi ya msingi ya NASRO, chama cha polisi wa shuleni, saa 40. Wanafundishwa kuwa askari, mwalimu na mshauri kwa pamoja, na hapo ndipo penye ugumu. Mtoto akimjibu mwalimu vibaya, hilo ni la mwalimu mkuu, si la pingu. Wengi wanaolaumiwa wamevuka mpaka huo.

Halafu ajue kibarua chenyewe kinategemea mkataba wa bodi ya shule na polisi. Bodi ya shule ya mji wa Minneapolis iliuvunja Juni 2020 baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi wa mji huo. Mkataba ukiisha, askari anarudi doria, na likizo ndefu wengi hurudishwa huko hata hivyo.