Mercedes E220 CDI ya mtumba toka Uingereza, taa ya DPF na vikorokoro vya kuanza navyo

Mkuu hongera kwanza kwa hiyo W212 (toleo la E-Class), hiyo gari ni tamu sana. Umesema taa ya DPF inawaka na unaitumia Mbezi kwenda Posta tu, basi tatizo lako ni foleni, DPF ni ile filta ya moshi wa dizeli, inajisafisha yenyewe ikipata joto la kutosha na kwenye foleni halipatikani, masizi yanajaa tu. Jumapili asubuhi mapema toka nayo barabara ya Morogoro uelekee Chalinze, injini ikishapata moto shusha gia moja mshale wa mizunguko ya injini (RPM) ukae juu ya 2000 kama dakika 20 hivi bila kusimama simama. Taa isipozima usikubali fundi aitoboe hiyo filta, ipimwe kwanza.

Na oili jamani! Geuza dumu usome nyuma, pawe pameandikwa MB 229.51 (kiwango cha oili cha Mercedes), sio kila 5W-30 inafaa, nyingine zina majivu mengi yanabaki kwenye filta na majivu hayaungui. Filta ya dizeli nayo ibadilishe mapema, huwezi jua mafuta ya kila kituo yana maji kiasi gani.

Vikorokoro, mi ningeanza na kimashine cha OBD, kile cha kuchomeka kwenye gari kusoma kodi za hitilafu, kinachoingia Mercedes kweli kikuonyeshe kiwango cha masizi, halafu mati za raba zenye kingo ndefu maana mvua za masika zinaozesha kapeti. Dashkamu (kamera ya dashibodi) chukua ila waya uchomekwe kwenye fyuzi inayozima na switchi, la sivyo betri itakusumbua kila asubuhi.