Kenge kubwa na nyuki ndogo?

Swali: Naandika maelezo ya picha mbili, ya mjusi wa Komodo na ya nyuki mdogo sana. Niliandika “Kenge kubwa na nyuki ndogo.” Mwenzangu akasahihisha: “Kenge mkubwa na nyuki mdogo.” Mbona twasema nyumba kubwa na ngoma ndogo? Tena, niseme “kuliko” au “zaidi ya”?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi. Kwa umbo, kenge na nyuki wamekaa pamoja na nyumba na ngoma, havibadiliki katika wingi. Lakini Kiswahili kikishaona uhai, umbo linawekwa kando: kenge ametambaa, nyuki wameruka. Ushahidi mzuri kuliko wote ni huyo mjusi wako mwenyewe. Wingi wake ni mijusi, kama miti, ila hatusemi “mijusi mikubwa imelala”. Twasema mijusi wakubwa wamelala. Mitume nao ni vivyo hivyo. Napenda sana sentensi ya namna hii, maana jina linavuta huku na kitendo kinavuta kule, na uhai ndio unaoshinda.

Uhai huo husalimu amri pale jina lenyewe linapokuzwa au kudunishwa. Nyoka amejikunja, lakini joka limejikunja. Mdudu ameingia, ila kidudu kimeingia. Ndiyo maana ukimwita mnyama wako joka la Komodo utaandika “joka kubwa linatambaa”, na hapo hujakosea. Mimi ningebaki na mjusi au kenge, kwani joka humpeleka msomaji kwa nyoka, na huyu ana miguu minne.

Kuhusu kulinganisha, tumia “kuliko” kati ya viumbe wawili: kenge ni mkubwa kuliko nyuki. “Zaidi ya” iachie hesabu. Mjusi wa Komodo hufikia mita 3. Nyuki aitwaye Perdita minima, wa kusini-magharibi mwa Marekani, hafiki milimita 2. Basi andika: “Kwa urefu, mjusi huyu humzidi nyuki zaidi ya mara 1500.” Usiisahau ile -m- ya “humzidi”. Wengi huandika “huzidi nyuki”, na nyuki, kwa udogo wake wote, anabaki kiumbe hai anayestahili kiambishi chake.