Turbo imekata pumzi: maswali ya wasomaji na majibu

Gari la kuongezwa nguvu likilegea ghafla, wa kwanza kuhukumiwa ni turbo, pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, na mara nyingi huhukumiwa bure. Barua za safari hii zimetoka Goma na Bukavu. Tumezifupisha.

*Mafundi, nina Forester ya esansi (petroli), intakula (kipoza hewa ya turbo) imehamishiwa mbele. Jana nilikanyaga, nikasikia "paa!", nguvu ikaisha. Sasa inatoa moshi mweusi na kuzimika nikiachia mguu. Turbo imekufa? (Himbi, Goma)*

Hapana, paipu imechomoka. Gari lako hupima hewa pale inapoingia, karibu na filta. Kompyuta inamwaga esansi ya kutosha hewa iliyopimwa, lakini hewa hiyo inaishia barabarani. Esansi inazidi, ndiyo sababu ya moshi na kuzimika. Gari linalopima presha ndani ya manifoldi (mabomba ya kugawia silinda hewa) peke yake halitoi moshi wa namna hiyo. Linakuwa zito tu, kana kwamba halikufungwa turbo.

Zima injini, ipoe, kisha fuata njia ya hewa kwa mkono kutoka turbo hadi kwenye kipepeo cha hewa, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Usitazame tu, vuta kila kiungo. Kiungo cha chini cha intakula hujificha nyuma ya bampa, na ndicho watu wanachokisahau.

Ukiipata, usiirudishe na kukaza basi. Ndani utakuta utando wa mafuta. Ukiwa mwembamba ni kawaida, unatokana na mvuke wa injini, ila ndio unaotelezesha mpira. Futa pande zote mbili kwa dawa ya kusafishia breki, acha pakauke. Halafu pitisha kidole kwenye mdomo wa paipu ya chuma. Nyingi zinazochomelewa hapa mjini zimekatwa laini kama kopo, hazina tuta la kuzuia mpira. Mwambie mchomeleaji azungushe mstari wa weldi milimita 5 hadi 10 kutoka ukingoni, ausage ubaki na urefu wa milimita 2 hivi. Mpira upite juu ya tuta, klampu ikae nyuma yake. Klampu ikikaa juu ya tuta au mbele yake, mtarudi kutuandikia.

*Geji yangu ilikuwa inafika bar 1.1. Tangu wiki jana inaganda kwenye 0.5, haipandi wala haishuki. Hakuna kelele, hakuna moshi. (Ndosho, Goma)*

Namba hiyo yenyewe ni nusu ya jibu. Westigeti, ule mlango mdogo unaopitisha moshi pembeni ya gurudumu la turbo, hushikiliwa na springi. Springi ya 0.5 peke yake inatoa 0.5. Kilichobaki hadi 1.1 huletwa na solenoidi, valvu ndogo ya umeme inayomwaga pembeni sehemu ya hewa iliyokuwa ikisukuma mlango ufunguke. Presha ikiganda sawasawa kwenye kiwango cha springi, turbo ni nzima. Solenoidi ndiyo imeacha kazi.

Chomoa plagi yake, pima ukinzani: nyingi huwa kati ya omu 20 na 40. Ukipata sifuri, au mita isisome kitu, badilisha. Ikiwa nzima, angalia waya, kisha mpira wa kumwagia hewa kama umeziba au umekunjika. Kuna kosa moja tunataka watu waliache: mpira mdogo unaokwenda kwenye kisukumio cha westigeti ukipasuka, presha HUPANDA, haishuki. Kwa hiyo usitafute upungufu wako hapo.

Kama mmiliki wa Subaru amebadilisha mipira midogo akaweka ya silikoni yenye rangi, aitafute ile ya zamani kwenye takataka. Ndani yake mna kishanga cha chuma chenye tundu la milimita 1 hivi, kimekaa katikati ya mpira na hakionekani kwa nje. Bila kishanga hicho hewa inakuja nyingi kuliko solenoidi inavyoweza kumwaga, na presha inabaki chini.

*Skana inasoma bar 1.5, geji ya dashibodi 0.65, programu ya simu inasema 0.5. Nani mwongo? (Ibanda, Bukavu)*

Simu. Skana inahesabu presha yote, pamoja na ya hewa ya kawaida. Geji inaonyesha kilichozidi hewa hiyo. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ina bar 0.85 hivi, si 1.0. Toa 0.85 kwenye 1.5, unapata 0.65 ya geji. Programu nyingi za simu hutoa 1.0 kama vile kila mtu anaishi Mombasa, na kuna watu wamefungua turbo nzima kwa sababu hiyo.

Jambo lingine kwa wanaoagiza gari lililotiunwa (lililorekebishwa liongeze nguvu) pwani. Springi ya 0.7 itakupa 0.7 kwenye geji kule na huku, lakini kule injini inapata 1.7 kwa jumla, huku 1.55. Ukilazimisha kompyuta ifikishe 1.7 hapa, turbo inatakiwa kuzidisha hewa mara 2 badala ya mara 1.7, na inazunguka kwa kasi zaidi. Turbo ndogo ya kiwandani haidumu na deni hilo.

*Garaji yetu haina mashine ya moshi ya kutafutia uvujaji. Panapovuja tutapajuaje? (Katindo, Goma)*

Tengenezeni kifaa chenu. Chukueni kifuniko cha bomba la plastiki chenye upana wa mdomo wa turbo, mtoboe, mfunge valvu ya gurudumu lisilo na chubu. Ondoeni paipu ya filta, mfunge kifuniko kwenye mdomo wa turbo kwa mpira na klampu. Mpira wa mvuke wa injini unaoingilia mbele ya turbo uzibwe, la sivyo mtajaza hewa tumboni mwa injini na kusukuma sili za mafuta. Injini iwe imezimwa.

Pulizeni kwa kompresa yenye kidhibiti. Anzeni na bar 0.3, pandeni polepole, na msivuke 1. Mnyunyize maji ya sabuni kwenye viungo vyote, kwenye valvu ya "pshii" inayotoa hewa ukiachia mguu, kwenye gasketi za manifoldi na kwenye kona za intakula pale tangi lilipochomelewa. Mawe ya lava kwenye barabara ya Sake hupiga intakula za mbele bila huruma. Tundu la sindano linatosha. Msiposadiki, fungueni intakula, zibeni mdomo mmoja, muizamishe kwenye pipa la maji.

Mkisikia hewa ikitoka kwenye ekzosi, valvu za silinda moja ziko wazi: zungusheni krenki kidogo. Mkimaliza, toeni hewa kwa valvu kwanza. Kifuniko kikifunguliwa kikiwa na presha huruka, na hakichagui uso.

*Prado ya mazutu (dizeli), injini ya 1KD, imewekewa chipu. Ikivuka mizunguko 2,500 inakata. Nikizima na kuwasha inarudi. (Kadutu, Bukavu)*

Kinachorudi baada ya kuzima ni kompyuta iliyojilinda. Soma msimbo kabla ya kugusa kitu. P0299 ni presha pungufu. P0234 ni presha iliyozidi, na ndiyo inayochanganya wengi: turbo ilipuliza kupita kiasi kwa sekunde moja, kompyuta ikaikata yote, dereva akahisi upungufu.

Turbo hiyo ina mapezi yanayojigeuza upande wa moshi. Chipu inaongeza mazutu, masizi yanaongezeka, na gari linalotambaa mjini siku nzima halipati joto la kuyachoma. Mapezi yanagoma. Dawa ni kuishusha turbo na kuisafisha. Kabla ya kufungua, wekeni alama ya mahali mkono wa mapezi ulipo, wala msiguse skrubu ndogo ya kikomo chake. Halafu punguzeni chipu, maana masizi yatarudi.

*Nguvu inakata juu ya 3,500 tu, nikishusha inarudi yenyewe. Geji inacheza. (Goma)*

Fungua filta ya hewa. Vumbi jeusi la hapa huiziba upesi, turbo inavuta kwa nguvu, na mpira laini kati ya filta na turbo unabonyea kama chupa tupu ya maji. Injini ikipumzika mpira unajaa tena, kwa hiyo ukifungua boneti huoni kitu. Mtu akanyage, wewe tazama. Mpira uliozeeka hata ndani hubanduka ngozi.

*Turbo mpya imekufa baada ya wiki mbili. Tumeuziwa feki? (Birere, Goma)*

Inawezekana, lakini angalieni mafuta kwanza. Paipu ya kuleta mafuta ibadilishwe pamoja na turbo, na kichujio kidogo ndani ya boliti yake kisafishwe au kibadilishwe. Paipu ya kurudisha iteremke bila kupanda popote. Silikoni ya kuzibia isiwekwe kabisa upande wa mafuta. Ikikatika kipande inaziba tundu. Na intakula ioshwe, kwa sababu vipande vya turbo ya kwanza humezwa na injini.

Kabla ya kuwasha, mimina mafuta safi kwenye tundu la turbo, zungusha gurudumu kwa kidole, kisha piga stata bila injini kuwaka hadi taa ya mafuta izimike. Ikiwaka, iache taratibu dakika 2 au 3.

Kuhusu ya zamani: tikisa mhimili wake. Kucheza kidogo pembeni kunaruhusiwa. Kucheza mbele na nyuma kusisikike mkononi, na mabawa yasiguse ukuta. Kama gurudumu la upande wa hewa linazunguka na la upande wa moshi limesimama, mhimili umekatika. Gari hilo livutwe kwa kamba. Likiwashwa, hasa la mazutu, linaweza kunyonya mafuta yake lenyewe na kupaa mizunguko hata ukizima swichi. La gia za mkono: tia gia ya juu kabisa, kanyaga breki, achia klachi lizimike. La otomatiki: ziba njia ya hewa kwa ubao, kamwe usitumie mkono.