Wifi ananichosha, na mtaji wetu ni mmoja

*Shikamoo Shangazi. Mimi na wifi yangu tunauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa mtaji wa pamoja. Anachelewa kufika, anaongea mno, na anakopesha watu bila kuandika. Juzi, mbalamwezi ikiwa imekaza na biashara imelala, nilimfokea mbele ya wateja, akalia. Mume wangu anataka nimwombe radhi dada yake. Nimwombe radhi kwa lipi? Nataka tugawane mtaji.*
*Mchovu, Kirumba*

Marahaba, mwanangu.

Makosa ya wifi yako umeyataja moja baada ya jingine, yote yanaeleweka. La kwako umelipitisha haraka katikati ya barua, kisha unauliza uombe radhi kwa lipi. Kwa hilo hilo. Mtu mzima kufokewa mbele ya watu anaowauzia ni kuvunjiwa heshima, hata kama kweli alichelewa.

Halafu umeitaja mbalamwezi, na hapo ndipo nataka ukae kidogo. Unajua kuliko mimi kwamba dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukiwaka, taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala, mzigo unakuwa haba na bei inapanda. Sasa jiulize: wakati wa giza, dagaa wakiwa tele na mzigo wa kwenda Kongo unapakiwa, wifi hakuwa anachelewa? Hakuwa anaongea? Nadhani alikuwa hivyo hivyo, na mlikuwa mnacheka pamoja. Kilichobadilika ni mfuko wako. Una hofu ya ada na kodi ya nyumba, na hofu hiyo ikamwangukia aliyekuwa karibu. Mwezi utawaka tena, mwanangu. Ukijijua kwamba siku hizo una hasira za karibu, utaweza kunyamaza kabla neno halijatoka.

Simaanishi uvumilie kila kitu. Kuongea kwake mwachie, ndivyo alivyo, na huenda kuna wateja wanaofuata maneno yake kuliko dagaa wenu. Kuchelewa, pangeni zamu. Madeni yasiyoandikwa ni jambo jingine kabisa, huo ni mtaji wenu unayeyuka. Wekeni daftari moja mezani: kila kisado kinachotoka bila pesa kiandikwe jina na tarehe, na jioni mhesabu wote wawili. Akikataa hata hilo, hapo sitakuzuia, gawaneni kwa amani mume wako akiwepo.

Lakini radhi itangulie. Nenda kwake jioni, mkiwa wawili. Mwambie, "Wifi, nilikukosea," na uishie hapo, usiongeze "lakini na wewe." Na kwa kuwa ulimfokea hadharani, kesho yake mkiwa mezani sema tena kwa ufupi, wale majirani wa biashara wasikie. Habari ya daftari usiianze siku hiyo.

Shangazi