Florokaboni: pesa yako iweke kwenye kipande cha mbele

Tangu niweke picha ya yule chewa wa Mkanda, jumbe hazikatiki. Mmoja umetoka kwa kijana wa Naivasha anayevua besi, anauliza kama anunue florokaboni, ule mshipi wa plastiki unaofanana na nailoni, ajaze rili nzima. Namjibu hapa ili na wengine mfaidike, maana najua nanyi mnamtaka samaki mkubwa kama nilivyomtaka mimi.

Kwanza chewa mwenyewe. Pale Mkanda, mlango wa bahari wa Lamu kati ya kisiwa cha Manda na bara, mizizi ya mikoko imejaa chaza. Chewa akishakamata chambo hana mambo mengi, anarudi shimoni, na mshipi unasagwa kwenye chaza. Siku hiyo maji yalikuwa yanajaa, maangavu. Alipovuta nilimkazia papo hapo, sikumpa hata nusu pima. Alipofika juu, florokaboni iliyo karibu na mdomo wake ilikuwa imechubuka urefu wa shibiri nzima, lakini haikukatika. Wazee wa gatini walioniambia huo ni mshipi wa watalii wa Malindi walimwona kwa macho yao. Nasema wazi, nilifurahi walivyonyamaza.

Florokaboni hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.42. Maji ni 1.33, na nailoni hupita 1.5, kwa hiyo florokaboni iko karibu zaidi na maji, na samaki huiona kwa taabu zaidi. Hainywi maji, basi hailegei ikilowa kama nailoni. Tena ni nzito, inazama. Ubaya wake ni ugumu, haipindiki kirahisi: ukijaza rili nzima inajiviringa na kuruka yenyewe, na bei yake unaijua. Ndiyo maana mimi rili naijaza mshipi wa kusukwa, mbele naunga florokaboni pima moja basi. Mkanda natumia ya ratili 40, yaani uzito inaoweza kuhimili kabla ya kukatika. Changu wa mchangani, 20 zatosha.

Hapa nina uchungu wangu. Muuzaji mmoja, simtaji, aliniuzia nailoni kwa bei ya florokaboni, na kolekole niliyemhangaikia alfajiri nzima akaondoka nayo. Sasa kila nikinunua nakata kipande kifupi, nakizamisha kwa kidole ndani ya bakuli la maji. Florokaboni hushuka moja kwa moja. Nailoni husitasita, hushuka polepole.

Fundo ndipo wengi mnapopotezea samaki. Lilowesheni kwa mate, mlikaze polepole. Ukilivuta kavu, joto la msuguano linaunguza mshipi, utauona umejikunja vipete karibu na ndoana. Huo umekufa, kata ufunge upya. Na kila ukitoa samaki, pitisha kidole toka kwenye ndoana kwenda juu. Ukihisi mkwaruzo, kata. Ndugu zangu, acheni uvivu! Mtu analipa mafuta ya boti, anaamka kabla ya adhana, halafu anaona uchungu kukata shibiri moja ya mshipi.

Kijana wangu wa Naivasha, besi hana meno ya kukata, ratili 12 hadi 15 zinakutosha. Chambo bandia cha kuelea usikifungie florokaboni, itakivuta chini; hicho kifungie nailoni. Nanyi wa huku kwetu mnaomfuata nguru, florokaboni msiitegemee kabisa, meno yake huipitia mara moja. Nguru mfungieni waya.