Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia boti ya zamani

Kisumu

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako. Unasema kuna mtu Usenge anauza boti ya mbao ya futi 28 pamoja na injini ya nguvu za farasi 15, imepakwa rangi juzi tu, na unataka kujua utaikaguaje. Umeuliza pia kama ni kweli alivyokwambia rafiki yako wa Mombasa, kwamba igeuzwe kwanza uone tumbo lake, maana boti huliwa kutoka chini.

Kwa bahari yao ni kweli. Maji ya chumvi yana wadudu wanaotoboa mbao, na ziwani kwetu wadudu hao hawaishi. Boti ya Ziwa Victoria inauawa na maji ya mvua. Ubao uliozama wakati wote haupati hewa, na kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kuishi bila hewa. Ubao unaolowa leo na kukauka kesho ndio unaooza. Kwa hiyo anza na ndani ya boti, na sehemu za juu, ndipo ushuke chini.

Nenda na bisibisi bapa nyembamba, nyundo ndogo, tochi, chaki na uzi wa nailoni wa mita 10. Omba mbao za kukanyagia ziondolewe zote. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani.

Maji ya mvua hutuama mahali palepale siku zote: pembeni mwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya boti, chini ya mabenchi yanapoungana na ubavu, na pale mataruma, zile mbavu za ndani, yanapokutana na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba boti nzima, ambako matope na magamba ya samaki huziba njia ya maji. Gonga kwa nyundo ukisikiliza. Ubao mzima hulia mkavu, uliooza hutoa sauti ya kufifia. Kisha sukuma bisibisi kwa mkono. Ikizama zaidi ya milimita 5 bila kutumia nyundo, ubao huo hauna kazi. Ukiwa na shaka, chomeka ncha ya bisibisi kwenye nyuzi za ubao uinue kibanzi. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi zinazoshikamana. Uliooza hukatika kifupi, moja kwa moja, bila hata mlio. Fanya hivyo hata pale rangi inapong'aa, hasa hapo, na mwenye boti asione vibaya. Kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi kitapakwa rangi tena kwa dakika moja.

Tazama misumari kwa makini kuliko unavyodhani inafaa. Msumari wa chuma ukishika kutu, kutu hiyo inaila mbao iliyouzunguka. Utaona duara jeusi, na kichwa cha msumari kikicheza ukikibonyeza. Misumari michache namna hiyo si neno. Lakini ukikuta ubao mzima una misumari mipya iliyopigwa kando ya ile ya zamani, taruma hadi taruma, ujue mbao zimechoka kushika. Msumari wa tatu utakaopigwa hapo utaupasua ubao. Vipande vya bati vilivyopigiliwa juu ya maungio ni jambo la kawaida katika boti zetu. Kinachotia shaka ni bati refu linalovuka mataruma mawili au matatu, kwa sababu hilo halizibi ungio, linaficha ufa. Omba moja lifunguliwe. Lami mbichi iliyopakwa wiki hii nayo ikwangue kidogo uone kilicho chini yake.

Sasa mkuku. Boti iinuliwe juu ya magogo, ufunge uzi toka mwisho mmoja wa mkuku hadi mwingine kwa chini, uuvute ukaze. Boti ya zamani huwa inapinda kama mgongo wa paka: omo na tezi huzama, katikati hupanda. Ncha zake ni nyembamba, hazibebwi sana na maji, na huku nyuma injini inavuta chini miaka yote. Nafasi ya sentimita 1 kati ya uzi na mkuku inavumilika. Ikipita 3, maungio yote yamelegea, na kalafati, zile pamba za kuziba maungio, utakayoweka itatoka kila mwezi. Ubao mmoja hubadilishwa, taruma hubadilishwa, hata ubao wa nyuma unaobeba injini hubadilishwa, na hayo ni mambo ya kupunguziwa bei. Mkuku uliopinda au kuoza usiununue kwa bei yoyote.

Boti iliyokaa kwenye mchanga wiki nyingi itavuja ikiingia majini, na muuzaji akikwambia hivyo hakudanganyi, mbao zimekauka zikasinyaa. Iache majini siku mbili zivimbe. Jioni ya siku ya pili ichotwe maji yote na ipanguswe kwa tambara, asubuhi uhesabu. Ndoo moja ya lita 20 kwa usiku mzima ni sawa kwa boti ya zamani. Zikifika tano, tafuta kwingine. Tia chaki kila mahali unapoona maji yanatokeza. Baada ya hapo itoe kwa safari ya majaribio mchana, upepo wa ziwani ukishaanza kuvuma. Asubuhi ziwa limetulia na boti haijinyongi, kwa hiyo ungio lililolegea halijifichui mpaka mawimbi yaipige.

Injini ihesabu kama ununuzi wa pili, yenye bei yake peke yake. Ukifika, iguse kwanza. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla hujaja, nawe ulitaka kuiona ikiwaka baridi. Toa plagi zote mbili. Rangi ya kahawia ni nzuri. Yenye matone ya maji au kutu inaonyesha maji yanaingia kwenye silinda. Iliyoungua ikawa nyeupe inaonyesha injini imepata joto kupita kiasi. Uliza pia kuhusu oili: injini nyingi za aina hii huchanganywa oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 50, yaani mililita 20 kwa kila lita, na wengi hupunguza ili kuokoa hela. Fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote mbili. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, moja imechoka.

Ikiwa inaunguruma, maji lazima yachirizike kutoka kwenye tundu lake dogo kwa nguvu, bila kukatika. Magugu maji na tope la ghubani huziba njia hiyo, na injini huungua ikiwa bado inakimbia vizuri. Halafu ikizimwa, fungua propela utazame nyuma yake. Uzi wa nyavu hujizungusha hapo kwenye shafti, ukakata sili, ule mpira unaozuia maji, na maji yakaingia kwenye gia. Legeza skrubu ya chini ya gia uache oili kidogo itoke. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Uzi huo wa bei ndogo umeua gia nyingi ziwani.

Mguu wa injini, kuanzia pale inapofungiwa kwenye ubao wa nyuma, nao una urefu wa aina mbili za kawaida, inchi 15 na inchi 20. Bati bapa lililo juu ya propela linatakiwa kuwa karibu sawa na chini ya boti. Likiwa juu sana, propela inakula hewa kila wimbi likipita.

Injini huibwa sana ziwani, kwa hiyo soma namba kwenye kibati kilicho kwenye mkono wa kuifungia. Ikiwa imekwaruzwa au kibati kimetolewa, usiongee bei. Namba ilingane na risiti. Namba ya usajili kwenye omo ilingane na karatasi za muuzaji na kitambulisho chake, kisha upite kwa viongozi wa BMU, yaani kamati inayosimamia ufuo huo, na afisa wa uvuvi uwaulize kama boti ina deni au kesi. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, ukitaja boti na injini kila kimoja kwa namba yake.

Chukua fundi wa boti kutoka ufuo mwingine, umlipe siku yake wewe mwenyewe. Na usitume malipo ya kwanza kwa simu kwa sababu umeambiwa kuna mnunuzi mwingine njiani. Nitumie picha ya uzi ukiwa chini ya mkuku, ya oili ya gia, na ya ile namba, nizitazame kabla hujatia sahihi.

Baba yako